Ukuta wa Mama Ewan Uliokataa Kukauka

Meneja wetu mpya, kijana mwenye tabasamu la kutosha ofisi mbili, aliniomba kabla sijaondoka niandike kurasa chache za kuwatia moyo wafanyakazi wapya. Nilimwambia sijui kutia watu moyo, nimezoea kutia chokaa. Akacheka, akadhani natania. Basi, ninyi mliobaki kwenye karakana ya Washwood Heath, haya ndiyo niliyonayo. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hamtapata usingizi kwa kungoja chenu, wala mshahara, kwa sababu sitaki mlie siku ya kwanza. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na nyumba moja huko Uskoti ambayo mama mmoja alitaka kufia ndani yake, na mwanawe akasema haiwezekani, imejaa unyevu. Katika nyumba zote nilizozishika, hiyo ndiyo iliyoninyima raha.

Na ahsanteni kwa zawadi ya kuniaga. Mashine ya kunyonya unyevu! Mmefikiri sana. Nimeiweka sebuleni kwangu Shard End, nimeifunika kitambaa, naitumia kama meza ya chai.

Nilifika Birmingham na watoto wawili na mzigo mmoja. Tulikuwa tumetoka Uvira, kule Kongo, kwa miguu, tukakaa Kigoma hadi nguo za watoto zikawaishia magotini, kisha ndege, kisha nyumba ya halmashauri yenye zulia hadi chooni. Ofisi ya ajira ikaniuliza nina uzoefu gani. Nikasema nimejenga nyumba yangu mwenyewe, na ilikuwa kweli: nyumba ya miti na udongo, mimi na dada zangu tuliikandika kwa mikono. Binti wa ofisi akaandika "ujenzi" kwenye kompyuta yake, akanitabasamia, na haukupita muda nikawa nimesimama kwenye karakana ya kukarabati nyumba za zamani, nimevaa buti za mwanamume mwenye miguu mikubwa kuliko matatizo yangu.

Aliyenipokea aliitwa Hamish, Mskoti mfupi, mpana, mwenye ndevu ambazo sikuwahi kujua kama ni nyeupe au zimejaa chokaa. Alikuja Birmingham ujanani akimfuata mwanamke. Mwanamke akaenda zake, yeye akabaki na mvua. Alinikabidhi mwiko na ndoo ya chokaa, akanionyesha ukuta wa mawe wa kujifunzia uliokuwa nyuma ya karakana, akaniambia niufunike. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha "asante" na "basi namba ngapi," lakini kufunika ukuta hakuhitaji mkalimani. Niliweka mwiko chini, nikakunja mikono ya shati, nikachota chokaa kwa kiganja na kuupaka ukuta ule kama mama yangu alivyonifundisha, nusu duara juu ya nusu duara, hadi ukateleza kama paja la mtoto aliyepakwa mafuta. Nilirudi nyuma nikautazama kwa majivuno.

Hamish alipiga kelele, na si za pongezi. Alinikokota hadi bombani akanimwagia maji mikononi, kwa sababu chokaa ile hula ngozi, na mimi nilikuwa nimezoea udongo wa Uvira ambao haumli mtu. Alipoona vidole vyangu bado ni vyangu, akautazama ukuta, akacheka hadi akaegemea ndoo. Kisha akachota kwa mwiko, akautupia ukuta chokaa kama mtu anayetupa chakula kilichochacha. Pa! Ikabaki pale ilipogonga, na mikwaruzo yake na vijiwe vyake. Ukuta wa Uskoti haupakwi, unarushiwa. Ukiulainisha, mvua inateleza na kutafuta ufa wa kuingilia. Ukiuacha na mikwaruzo, upepo unapata pa kushika na kuukausha. Kazi yangu ya kwanza Uingereza ilikwanguliwa yote kabla ya saa ya chai.

"Usiubembeleze," aliniambia baada ya siku kadhaa, nilipoanza kumwelewa. "Utupie kama unaudai."

Nikatupa. Bega langu la kulia linawasalimu hadi leo.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia kila siku kana kwamba amelibuni asubuhi hiyo. Nyumba ya zamani ya mawe huingiza maji, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni maji yakikosa pa kutokea. Chokaa huyaachia, simenti huyafungia. Mtawaona wateja. Wanakuja na uso wa msiba, wanasema nyumba yetu tumeivalisha simenti, tumeweka madirisha ya plastiki, tumeziba kila tundu, sasa mbona inatoa jasho? Hamish alikuwa anawaambia wavae koti la mvua, walale nalo, halafu waje tuzungumze. Kwa sababu hiyo hatukumruhusu kupokea simu.

Baadaye akaja Abdi, Msomali aliyekulia Garissa na Nairobi, aliyepitia Uholanzi kabla ya kutua hapa. Ni mrefu kupita kiasi, fundi mzuri wa mawe, na dereva anayeamini breki ni za waoga. Kiswahili chake na changu vilipigana tangu siku ya kwanza. Mimi nikisema "iko baridi mingi" yeye ananisahihisha kama mwalimu. Yeye akisema "hii kitu imenibore" mimi namwuliza hiyo ni lugha ya shule gani. Hamish alikaa katikati yetu kwenye gari miaka yote hiyo na akajifunza neno moja tu, "pole," ambalo alilitumia kwa kila jambo, hata kuomba chumvi.

Sasa nyumba yenyewe. Siku moja alikuja karakana daktari wa meno wa Hodge Hill aitwaye Ewan, mtu nadhifu, mwenye sauti ya kukuambia haitauma. Alisema mama yake anaishi naye, ana nyumba ndogo ya mawe Uskoti alikozaliwa, na kila siku anaomba arudi. Mama alikuwa mzee sana na hakuficha kwamba anataka kurudi ili afie kule. Ewan akaweka sharti lake wazi, mbele yetu sote. Ukuta ukikauka kabla ya baridi kuingia, mama ataenda. Usipokauka, nyumba inauzwa, na habari hiyo inafungwa.

"Baba yangu aliugua kifua mle ndani na hakupona," alisema. "Sitamrudisha mama kwenye unyevu uleule."

Nikachukua kalamu nikaandika anwani yake bila kejeli, na mnanijua si jambo la kawaida.

Nilikwenda kumwona mama. Chumba chake Hodge Hill kilikuwa nyuma ya nyumba, kikavu kama biskuti, hita inawaka hata siku za jua, na yeye anakohoa katikati ya ukavu huo wote. Jina lake lilikuwa Elspeth. Nilishindwa kulitamka, na isitoshe kwetu hatumwiti mama mtu mzima kwa jina lake kama tunamwita mbuzi, basi nikamwita Mama Ewan. Aliniuliza maana yake. Nilipomweleza alitikisa kichwa polepole, akasema ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya bila kupumzika. Kisha akanionyesha nyumba yake kwa mikono, pale pale kwenye kiti: hapa mlango, hapa meko, hapa kitanda, na upepo unatoka huku.

Tulipofika nikaikuta kama alivyoichora. Imekaa peke yake chini ya mlima, imeupa upepo mgongo. Walioijenga hawakuwa na ramani. Waliokota mawe ya shambani, makubwa wakayaweka chini na madogo juu, katikati wakajaza vifusi na udongo, wakapata ukuta mnene hivi kwamba unaweza kumlaza mtoto dirishani. Madirisha ni madogo, yote upande wa kusini, kwa matumaini kwamba jua siku moja litapita njia hiyo. Mlango ni mfupi. Abdi aligonga kichwa kila asubuhi, akaulaani kila asubuhi, na kesho yake akasahau. Vyumba ni viwili tu, cha kupikia na cha wageni, ambavyo wenyewe wanaviita but na ben. Kati yake kuna kabati kubwa la mbao lenye milango. Nililifungua nikidhani ni la nguo, kumbe kitanda. Watu wale walilala kabatini kwa sababu ya baridi, na Mama Ewan alizaliwa humo.

Kilichonishangaza zaidi ni paa. Halikukalia ukuta. Boriti zilizopinda, kila moja nusu ya shina la mti, zilianzia chini kabisa na kupanda hadi zikakutana juu, na ndizo zilizobeba nyasi na mabati yaliyofunika nyasi. Ukuta ulikuwa unasindikiza tu. Hamish akanieleza kwamba zamani, sehemu nyingi za kule, mawe yalihesabiwa kuwa ya mwenye shamba na boriti za mpangaji. Watu wakihama walishusha paa lao, wakalibeba, wakalisimamisha kwingine. Nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo. Mimi nilipotoka Uvira sikubeba hata mwiko wa ugali. Niliwaonea wivu wale watu waliohama na paa lao, nikalia kidogo, kisha Abdi akatoka akigonga kichwa na ikabidi nicheke.

Halafu kulikuwa na maboresho. Nje, nyumba nzima ilikuwa imevalishwa simenti nene, ya kijivu, laini. Madirisha yalikuwa ya plastiki yasiyofunguka. Meko ilikuwa imezibwa kwa ubao, na mbele ya ubao pamewekwa hita ya umeme yenye magogo ya plastiki na balbu nyekundu inayokonyeza kujifanya moto. Hamish aliitazama balbu ile kwa muda mrefu. Ewan alikuwepo siku hiyo.

"Aliyefanya hivi," Hamish akasema, "alitaka kumwua mtu."

Ewan akatoka akaenda kusimama kando ya gari lake, na mimi nikadhani ni dharau za madaktari.

Tulibandua simenti majira yote ya joto. Ilikuwa inatoka vipande vikubwa, na nyuma yake mawe yamelowa, udongo wa katikati umekuwa uji. Tuling'oa plastiki, tukaweka madirisha ya mbao, tukazibua bomba la moshi, tukatoa humo viota vya ndege vya kutosha kijiji. Tukarusha chokaa, nikarusha kwa bega lililojaa dawa ya kuchua. Ilipokwisha, nyumba ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kejeli. Hamish, ambaye magoti yake yalikuwa yameshastaafu kabla yake, aliletewa kiti akakaa mbele yake akaitazama, akasema, "Pole," na safari hiyo nadhani alilitumia vizuri.

Na ukuta haukukauka.

Ewan alikuwa amenunua kidude cha kupima unyevu, chenye sindano mbili. Unakichoma ukutani, kinapiga kelele kama kifaranga, na kelele zikizidi ujue hali ni mbaya. Alikuwa anapanda kutoka Birmingham, anachoma ukuta, kifaranga kinalia, anaandika, anarudi zake. Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

"Wallahi, Mama Zawadi," Abdi aliniambia, "huyu jamaa akikuja na hicho kidude tena, mimi nitakitupa kwa mto. Hii ukuta tumeifanyia kila kitu. Inataka nini, iombwe msamaha?"

Zawadi ni binti yangu wa pili, na hilo ndilo jina langu kazini. Nilimpigia video nikamwonyesha matone dirishani. Binti huyu huelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. "Mum," akasema, "it's literally raining inside." Eti mvua inanyesha ndani. Ahsante, mwanangu, kwa utaalamu wako.

Niliporudi Birmingham mwisho wa wiki nilipita Hodge Hill kumwambia Mama Ewan ukweli, maana hakuna mwingine aliyekuwa anamwambia. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja.

"Nani anawasha moto?"

Nikasema hakuna. Sisi tunafanya kazi mchana, jioni tunarudi kulala mjini, kwenye hoteli yenye hita.

"Basi mnataka ikauke na nani?"

Akanieleza kama anamweleza mtoto mdogo. Nyumba ile haikujengwa kukaa bila moto. Siku zote tangu enzi za bibi yake moto haukuzimwa, mchana uliwaka, usiku ulifukiwa: unakusanya makaa katikati, unayafunika majivu taratibu, na asubuhi unafukua unakuta macho mekundu yanakungoja. Joto dogo, lisilokatika, hadi mawe yanazoea. Alipokuwa anaeleza, mikono yake ilikuwa inafukia moto juu ya blanketi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona mama yangu amechuchumaa jikoni Uvira, anafanya vilevile, akitukataza kupita karibu tusije tukampeperushia majivu. Nilimwambia. Tukatazamana. Wanawake wawili wametoka pande mbili za dunia, wamekutana Hodge Hill kujua kwamba mama zao walikuwa wanafanya kazi moja.

Lakini hebu tazameni mtego wenyewe. Mama ataingia nyumba ikikauka. Nyumba itakauka mama akiingia. Nimefanya kazi na wahandisi, wachoraji na maofisa wa majengo ya kale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitegea kitu safi namna hiyo.

Kabla sijaondoka Mama Ewan alinishika mkono. "Simenti ile aliileta Ewan," akasema. "Ilikuwa zawadi, kwa mshahara wake wa kwanza, ili tusisumbuke tena na chokaa kila mwaka. Na madirisha. Na ule moto wa balbu. Baba yake alipokufa hakuuliza kitu, na mimi sikusema kitu." Akanivuta karibu. "Usimwambie kwamba najua anachofikiri."

Sasa nikaelewa kwa nini alikwenda kusimama kando ya gari. Niliona aibu kwa maneno ya Hamish, na Hamish mwenyewe nilipomwambia hakula siku nzima.

Basi mimi na Abdi tukahamia. Tulileta magodoro, tukawasha moto, tukaishi mle. Usiku nilifukia makaa, asubuhi nilifukua. Abdi alikataa kulala kwenye kitanda cha kabati, akasema ataonekana amezikwa mapema, akalala chumba cha wageni miguu ikitokea mlangoni. Polepole kifaranga cha Ewan kikaanza kupunguza sauti. Tulikuwa tumebakiza ziara yake moja, ya mwisho, siku ya Jumapili, na alisema atakuja na mama, ama abaki ama aiage nyumba.

Hapo ndipo nilipofanyiwa hisani na kanisa. Nilikuwa nimemwambia Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu wa Shard End, aiombee nyumba hiyo. Nilimaanisha aiombee kutoka Shard End. Mtu wa kwetu hawezi kuingia nyumba mpya kabla haijaombewa na watu hawajala ndani yake, hilo nalijua. Sikujua kwamba sheria hiyo inavuka mpaka wa Uskoti. Jumamosi mchana nikasikia honi. Kanisa lilikuwa limekodi basi dogo.

"Bwana asifiwe!" Mama Mchungaji akashuka na sufuria kichwani. "Donc, mama wa watu aingie mu nyumba bila maombi? Ah non! Haiwezekane. Tulileta sombe, tulileta samaki, bugali tutapikia hapa hapa. Moto iko?"

Moto ulikuwepo, ole wangu. Wakaingia wote kwenye vyumba viwili. Sufuria ya maji ya bugali ikachemka, ya sombe, yale majani ya muhogo, ikachemka, ya mchele ikachemka, na watu wakaimba, na kuimba kwa Wakongo, kama mnavyojua, si jambo la mdomo tu, ni la mwili mzima na jasho lake. Nilisimama mlangoni nikaona mvuke unapanda kwenye boriti, unageuka matone, unashuka ukutani kwa furaha. Nilifungua madirisha. Mama Mchungaji akayafunga, akasema watoto watapata baridi. Abdi alikaa nje juu ya mawe na sahani ya samaki, akacheka hadi akapaliwa.

"Mama Zawadi," akasema, "hawa watu wako wamekuja kukausha nyumba na supu."

Walilala palepale, maana basi lilikuwa la siku mbili, na asubuhi wakachemsha chai. Ewan akafika. Alimshusha mama yake taratibu, akaingia, akakuta wageni wamejaa mle wanamsalimia kwa mikono miwili. Alikuwa na adabu, akasalimia wote. Kisha akatoa kidude, akakichoma ukutani, na kifaranga kikalia kuliko siku zote. Akachoma pengine. Kikalia. Nilitaka kueleza habari ya bugali lakini kwa Kiingereza maelezo hayo hayana heshima.

"Samahani, mama," Ewan akasema. Alikuwa amekuwa mweupe. "Nilisema. Siwezi."

Kanisa lote likanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena. Mama Ewan hakumtazama. Alikuwa ameshakaa mbele ya meko, kwenye kigoda alichopishwa na Mama Mchungaji, na koti lake bado mwilini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe hicho."

Ewan akampa. Mama akafungua kiganja chake, akakigandamiza kidude pale pale kwenye ngozi, na kifaranga kikapiga kelele kama kimekanyagwa.

"Na mimi," akasema, "utaniuza?"

Ewan alichuchumaa kando yake. Akaanza kusema habari ya baba yake na ile simenti. Mama akamwekea mkono shingoni kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. "Ulituletea ulichokuwa nacho," akamwambia. "Baba yako aliipenda ile balbu. Aliizungumzisha." Na daktari wa meno akalia mbele ya watu wote wale asiowajua, na Mama Mchungaji, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiingereza kile cha Uskoti, akaelewa yote, akapiga kigelegele, na wenzake wakaitikia, na ukuta ukapata mvuke mpya.

Alibaki. Ewan alisema wiki moja tu, ya majaribio. Akampatia jirani wa kumwangalia, na wiki ile ikaendelea kuwa wiki moja kwa muda mrefu. Basi lilipoondoka na nyumba ikabaki na mama mmoja na moto mmoja, ukuta ulikauka wenyewe bila kutuuliza. Hamish hakupata kuuona. Aliacha kazi majira hayo, akahamia gorofa yenye madirisha ya plastiki, na kila nikimtembelea ananiambia yanatoa jasho. Mimi niliendelea kurusha chokaa nyumba nyingine, nyingi zilizosikia kuliko ile, na sizikumbuki vizuri.

Baridi iliyopita, wakati mmeshaanza kuchangishana fedha za mashine yangu ya unyevu, simu ililia asubuhi nikiwa kwenye kituo cha basi Shard End. Alikuwa Ewan, anapiga kutoka nyumbani kwa mama yake Uskoti. Miaka yote alikuwa ananiita kwa jina la kwenye pasipoti, analitamka vibaya kwa bidii.

"Mama Zawadi," akasema.

Nikatoka kwenye foleni ya basi.

"Nilipima ukuta sasa hivi. Ni mkavu. Kila mahali." Sauti yake ilikuwa ileile ya kusema haitauma, lakini imechanika. "Mama hakuamka leo. Yuko kwenye kitanda chake, amelala tu. Daktari amekuja, ameondoka. Na moto unapungua na mimi sijui... sitaki uzime mikononi mwangu. Mnafanyaje?"

Basi lilikuja, nikaliacha liende.

Nikamwambia akusanye makaa katikati. Akaniuliza kwa mikono? Nikamwambia kwa koleo, Ewan, wewe ni daktari wa meno, utahitaji vidole. Nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja, nikasikia chuma kinagusa jiwe. Nikamwambia achukue majivu ya pembeni, ayamwage juu taratibu, asiyagandamize, hadi asione wekundu tena. Akasema haoni wekundu. Akasema unaonekana umekufa. Nikamwambia ndivyo unavyoonekana, auache, akakae na mama yake.

"Kisha?"

"Kesho asubuhi ufukue."

Kesho yake nilikuwa nimeshika simu mkononi kabla haijalia. Hakunisalimia. Nilisikia anapumua, nikasikia majivu yanakwanguliwa.

"Moto upo," akasema.